Molasi Ndani ya Tairi ya Nyuma

Afadhali niisimulie habari hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Lurambi, kwa sababu wao wakifika mwisho huongeza kwamba nililia, na mimi sikulia, ilikuwa ni molasi iliyoniingia machoni. Aibu nyingine zote nazikubali.

Ilianzia mbali. Nilitoka Voi kwa baiskeli, ile ya mlimani yenye fremu ya bluu iliyochubuka, nikiwa na begi moja nyuma na brashi zangu za rangi, maana kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, na uzuri wa kazi hiyo ni kwamba kila mji una kuta. Nimeshapita miaka arobaini na sijawahi kukaa mahali mpaka bango langu likafifia. Nilipanda na barabara hadi Nairobi, nikateremka bondeni, nikapita Nakuru na Eldoret, nikakata mashamba ya mahindi ya Lugari, na njia nzima ilikuwa ni pancha tu. Mwiba wa mgunga, pancha. Kipande cha waya, pancha. Kuna mahali nilikaa kando ya barabara nikibandika kiraka juu ya kiraka (tyubu ilikuwa imeanza kufanana na suruali ya babu yangu) nikaapa kwamba siku moja nitapata gurudumu ambalo halitanisimamisha tena.

Kilichonivuta Kakamega ni harufu. Nilipokuwa mdogo baba aliwahi kufanya kazi ya sukari upande wa Mumias, kabla hatujahama, tukahama tena, na katika kuhama kwangu kote nimekuwa nikiikumbuka harufu ya molasi ya asubuhi, tamu na chachu kidogo, kama chakula kinachopikwa nyumba ya jirani. Nilitaka kujua kama bado iko. Nilifika Ekero, nikasimama karibu na kiwanda kidogo cha sukari nguru, nikavuta pumzi, na ilikuwepo. Basi nikatafuta chumba Lurambi, nikasema nitakaa kidogo.

Kidogo hicho kilirefuka kwa sababu ya Mmbone. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda kando ya barabara, nikamwandikia bango, akalitazama akiwa ameshika mkasi, akasema, "Hiyo herufi ya mwisho imelewa." Nikairekebisha. Kesho yake nikarudi kuangalia kama rangi imekauka, na kesho kutwa nikarudi tena, na mwisho akaniambia rangi gani hiyo ya kukauka miezi, kama nataka chai niseme nataka chai. Tukafika mahali ambapo mama yake, aliyekaa ng'ambo ya msitu, alitaka kumwona huyo mtu wa mabango. Mimi nilikuwa nimekwisha amua moyoni kwamba huyu ndiye, na hapa ndipo, na kwamba siku hiyo wakinikubali nitatua begi langu kabisa.

"Tutapanda boda," akasema Mmbone.

"Wewe panda boda. Mimi nitakuja na baiskeli yangu."

"Ya nini?"

Sikumpa jibu zuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kuingia boma lile nikiwa nimekalia kitu changu mwenyewe, na nisingeweza kuvumilia kufika nikisukuma gurudumu lililolala.

Sasa, muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimekutana msituni na mgeni mmoja, mzungu, aliyekuwa akizunguka na baiskeli ya tairi za tyublesi, yaani hakuna tyubu ndani, upepo unakaa kwenye tairi yenyewe. Mwiba ulikuwa umeingia kwenye tairi yake. Akauchomoa mbele yangu, maziwa meupe yakatoka na kuchuruzika, akazungusha gurudumu, yakakauka, basi, akapanda akaendelea kuongea. Nilichuchumaa nikitafuta lile tundu kwa kidole kama mtu anayetafuta alipodanganywa. Ndani kuna dawa ya kuziba, akanieleza, nayo huziba yenyewe. Aliponiaga akanipa chupa yake iliyobaki nusu, nami niliibeba kama mtu aliyepewa yai.

Nikaipeleka kwa Musa, fundi wa baiskeli aliyekuwa rafiki yangu, mtu wa Ekero mwenye salamu ndefu na mikono mifupi. Yeye naye alikuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo, na hilo lilitufurahisha wote wawili.

"Tairi bila tyubu ni kama mtu bila tumbo," akasema. "Chakula kitakaa wapi?"

Tulishinda pale kutwa tukipindua tairi za mitumba. Kulikuwa na mbili zilizonivutia. Moja ilikuwa ya meno mafupi yaliyokaribiana, ukingo wake mgumu, ukiiweka kwenye rimu inabana kama kifuniko cha sufuria, na hata Musa aliona kwamba hii ilitengenezewa kazi hiyo. Nyingine ilikuwa imezoea tyubu, ukingo umelegea kidogo, lakini jamani, meno yake. Meno marefu, yaliyoachana, ya kutafuna matope, nikayapapasa nikaona njia zote za msitu wakati wa mvua, nikaona na Mlima Elgon pia, ingawa hakuna aliyekuwa amenialika huko.

"Hii ya pili imechoka ukingo," akasema Musa, kisha akaipapasa naye. "Lakini meno iko nayo."

Nikaweka ile nzuri mbele, na ile ya meno nyuma. Tukazungusha utepe ndani ya rimu kuziba matundu ya spoku, tukapaka maji ya sabuni, tukazipeleka kwenye kompresa ya wale wanaojazanga magari upepo, na tairi zikaruka zikabana kwenye rimu, pa, pa, Musa akapiga makofi. Tatizo likawa dawa. Ilitosha gurudumu la mbele, na la nyuma likabaki na kijiko tu.

Hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa. Kule kiwandani Ekero nilikuwa nimeona mtungi wa plastiki uliotoboka, molasi ikatoka tone moja, likaganda, likaziba tundu. Niliuangalia mtungi ule muda mrefu. Nzito, inanata, inaziba yenyewe: tofauti yake na dawa ya mzungu ni rangi tu, nikamwambia Musa. (Na pia, niseme ukweli, nilipenda wazo la kusafiri na ile harufu.)

"Hiyo tunapeanga ng'ombe," akasema Musa. "Wewe unalisha gurudumu." Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa, akaenda mwenyewe kwa jirani, akarudi na mtungi mdogo wa molasi. Mtungi huo, tulikuja kujua baadaye, jirani alikuwa akiutumia kuchachushia kangara, ile pombe ambayo ikichemshwa inakuwa chang'aa, na hakuwa na desturi ya kuuosha, kwa hiyo chachu yake ilibaki humo. Tukaichanganya molasi na maji ili iteleze, tukaongeza kile kijiko cha dawa, tukamimina, tukajaza upepo.

Asubuhi nilikwenda kuibonyeza tairi nikitegemea kuikuta imelegea. Ilikuwa ngumu kuliko jana. Nikabonyeza tena. Jamani, tairi ambayo haipotezi upepo ningeielewa, lakini tairi inayoongeza? Nikamwita Musa, akabonyeza, tukatazamana. Mtu mwenye akili angefungua valvu. Sisi tulipeana mikono.

Siku ya ugeni ikafika, Jumamosi ya jua kali, nami nikavuka msitu kwa shati jeupe bila pancha, nikiimba. Niliingia bomani Mmbone akiwa ameshafika. Wageni walioketi uani ni baba yake mdogo, Mzee Shiundu, mtu mfupi mwenye maswali, na akina mama kadhaa wa kanisa. Mama yake Mmbone alikuwa ameketi peke yake barazani, mbali kidogo, amegeuza bega, amevaa gauni jeupe la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mnajua mambo ya mkwe na mavyara kule: humpi mkono mama wa mchumba wako, humsogelei, humsemeshi ovyo ana kwa ana, na chochote kati yenu kinapitia kwa mtu mwingine. Mmbone alikuwa amenifundisha yote hayo wiki nzima, kana kwamba ni mtihani.

Mzee Shiundu hakunisalimia sana, aliisalimia baiskeli.

"Mkwe, nasikia hii haina tyubu."

"Haina, mzee."

"Sasa upepo unafungwa na nini?"

Hapo nikapata kiti cha uprofesa. Nikaeleza ukingo, utepe, sabuni, dawa. Akaibonyeza ile ya nyuma kwa vidole gumba viwili, haikukubali hata kidogo. Akasema hii ni jiwe. Akasema, "Sogeza kule barazani kidogo, na mwenye mtoto asikie," nami nikaisogeza, si karibu sana, nikaiegemeza ukutani palipokuwa na jua, nikaendelea kueleza kwa sauti ili bega lile lililogeuka lisikie.

Mama akasema kwa Mzee Shiundu, bila kunitazama, "Muulize, hiyo tairi isiyotoboka ni ya kumpeleka wapi?"

Nami, badala ya kusubiri swali linifikie, nikamjibu moja kwa moja, kwa furaha, "Popote, mama. Hata Juba."

Nilimwona Mmbone akiacha kupanga vikombe. Nilitaka kuuliza kuna nini, na hapo ndipo tairi ilipopasuka.

Sikuwa nimesikia mlio kama ule tangu mgodi wa mawe kule Voi. Ule ukingo uliochoka uliruka nje ya rimu na kila kilichokuwa ndani kikatoka kwa pamoja, povu la kahawia, nyuzi za dawa nyeupe, likapiga ukuta, likanipiga uso, likalifunika gauni lile jeupe kuanzia begani hadi magotini. Kuku walikimbilia migombani. Kisha harufu ikafika.

Mzee Shiundu akanusa mkono wake. Akanusa tena, kwa makini ya mtu anayemtambua rafiki wa zamani. "Hii ni kangara," akasema.

Akina mama wa kanisa wakainuka na viti vyao.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kueleza kwamba sikuleta pombe, nimeleta tairi, wakati nyuki wa kwanza alipotua kwenye kitambaa cha mama. Akafuata wa pili. Boma lile liko mgongoni mwa msitu, na msitu ule una nyuki wa kutosha. Walikuja kama walioalikwa. Mama akabaki ameganda, mikono hewani, na watu wote wakawa wanapiga kelele kutoka mbali, na mimi nikaona nyuki wakishuka shingoni mwake, nikasahau wiki nzima ya mafunzo. Nikaruka barazani, nikamvua kitambaa kichwani kwa mikono yangu, nikaanza kumpigapiga nacho mabega na mgongo, mavyara wangu, mbele ya shemeji yake na kanisa lake.

Nyuki waliondoka. Nilipotulia nilikuwa nimemshika bega, yeye kichwa wazi, sote wawili kahawia. Akamtazama Mzee Shiundu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mkwe anirudishie kitambaa changu."

Mzee Shiundu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa zizi, akaniambia, "Mkwe, anasema umrudishie kitambaa chake."

Nikamrudishia. Kwa kupitia kwa mzee.

Mtadhani hapo ndipo nilipofukuzwa. Hapana, walinitendea wema kuliko nilivyostahili. Nilioga kwa ndoo nyuma ya nyumba, nikapewa shati la Mzee Shiundu lililoishia kitovuni, tukala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wazee wakasema lile la kitambaa lina namna yake ya kusafishwa kimila, na kondoo wangu atahusika. Hata akina mama walirudi. Mzee Shiundu aliuliza kwa upole kama ndani ya tairi ya mbele nako kuna kitu. Watu walicheka, na mama alicheka pia, niliona bega likitikisika.

Ni Mmbone peke yake aliyerudi kupanga vikombe. Tulirudi pamoja kwa miguu hadi barabarani, mimi nikisukuma lile gurudumu lililolala ambalo niliogopa kulisukuma wakati wa kuja.

"Umekasirika kwa ajili ya gauni," nikasema.

"Gauni nitashona lingine." Akatembea kidogo. "Mama alikuuliza swali."

"Nilijibu vibaya?"

"Ulijibu vizuri. Haraka kabisa." Halafu akasema, bila ukali, "Mimi ningeolewa na wewe na pancha zako zote. Wewe umeshinda mwezi mzima ukitafuta tairi ya kukutoa hapa, na bado unaniuliza kama nimekasirika."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nikakumbuka yale meno marefu, na Mlima Elgon, na jinsi nilivyopapasa.

Kondoo sikumpeleka. Nilikaa Lurambi hadi mvua zilipokwisha, nikiahirisha, naye hakuniuliza tena. Bango lake likaanza kufifia pembeni, la kwanza maishani mwangu kulishuhudia likififia, nikajitolea kulipaka upya, akasema liko sawa hivyo.

Siku niliyoondoka, Musa alinirudishia tyubu mbele na nyuma. Tangu hapo natumia tyubu na viraka kama watu wote, na sitaweka tena ndani ya gurudumu kitu ambacho ng'ombe anaweza kula. Tulikuwa tumeiosha rimu kwa sabuni na kwa majivu, lakini asubuhi hiyo bado nyuki mmoja aliizunguka.

Njia ya Ekero inapita mbele ya kibanda chake. Niliendesha polepole sana, nimeinamisha kichwa, nikitafuta chini kitu chochote, mwiba, msumari, kipande cha chupa, nikitumaini pancha kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa sababu mtu mwenye pancha husimama, na akisimama huulizwa kama anataka chai. Lakini Mmbone hufagia mbele ya kibanda chake kila asubuhi, hadi barabarani, na siku hiyo alikuwa ameshafagia.