Kurasa Kumi na Sita za Mzee Gundi

Mzee Gundi alikuwa na msimamo mmoja ambao asingeubadilisha hata angewekewa kisu shingoni: yule kijana wa kwenye kitabu ni mtovu wa shukrani.

Kitabu chenyewe kila mtu pale mjini alikuwa amekisoma, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Ni hadithi ndefu ya mtoto wa seremala, anavyokua, anavyoota ndevu, anavyogombana na baba yake kwa sababu hautaki useremala, mpaka siku anapofunga mlango na kwenda zake bila kuaga. Wazazi walikisoma, watoto wakakisoma, na wajukuu wanakisoma sasa huku wananung'unika. Jina lake ni refu mno, kwa hiyo watu walikiita Kitabu cha Kijana, ikatosha.

Gundi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya mji. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mbili: mikono yake haikosi gundi, na akianza kukizungumzia kitabu hicho habanduki. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Kulikuwa na meza nzito, mashine ya mkono ya kubania vitabu, sindano, uzi uliopakwa nta, na birika la chai ambalo sheria za maktaba zilikataza kabisa lisikaribie karatasi. Sheria hizo aliziandika yeye mwenyewe, akazibandika mlangoni, na birika likabaki pale pale.

Juu, mezani kwa mkutubi, kulikuwa na daftari la maoni. Msomaji akirudisha kitabu anaandika alichoona. Gundi ndiye aliyeleta sheria ya ziada, kwamba kila maoni yaandikwe pamoja na namba ya nakala, maana Kitabu cha Kijana zilikuwepo nakala nne. Alitaka kuwanasa wanaokunja kurasa na wanaosoma huku wanakula. Akajipiga kifua kwa sheria ile kuliko kwa kazi yoyote aliyowahi kuishona. Angejua itamfikisha wapi, angelitafuna daftari lote na jalada lake.

Maoni yenyewe yalikuwa vita. "Kijana hana adabu, na mwandishi hana adabu zaidi." "Nimelia mpaka mume wangu akauliza nani amefariki." "Mwandishi alichoka njiani akatupa kalamu." "Sijui yule baba alipataje usingizi." Gundi akikosa kazi alipanda ngazi na penseli yake akawajibu wale wa machozi: "Umetia chumvi." "Soma vizuri." Mmoja akamjibu chini yake, "Wewe ndiye usome vizuri," na Gundi akanuna siku mbili nzima.

Kwa nini hasira zote hizo kwa mtu wa karatasi? Maktaba nzima ilijua, ila hakuna aliyethubutu kumwambia usoni. Gundi alikuwa na binti mmoja tu. Alimfundisha kushona vitabu tangu ana miaka tisa, akiwa na hakika kwamba kile chumba cha chini ya ngazi kitakuwa cha mtoto baada yake. Kumuuliza mtoto kama anakitaka hakukumjia akilini. Binti alipofika ishirini akaacha barua mezani, akaenda mji mwingine kusomea ufundi umeme. Miaka kumi na mmoja sasa, na Gundi hakuwa amesamehe hata robo yake. Kila aliyemuuliza alimwambia mtoto huyo aliondoka kama yule kijana na hajawahi kurudi.

Basi Jumatatu moja simu yake ikaita mlio wa ujumbe. "Shikamoo Baba. Jumapili nitakuwa hapo mjini kwa kazi ya siku moja. Naomba nije nyumbani saa kumi na moja jioni. Usipojibu nitaelewa."

Gundi aliusoma ujumbe mara nne, akaiweka simu kifudifudi, akaifunika kwa rundo la magazeti yanayongoja kujalidiwa. Akajiambia anatafuta maneno ya kujibu. Jumanne akayatafuta, Jumatano akayatafuta, wala simu hakuigusa. Moyo wake ulitaka mtoto aje, na kichwa chake kilitaka mtoto aombe kwanza msamaha wa kurasa tatu hivi, wenye aya zilizopangwa vizuri.

Alhamisi saa kumi jioni hukutana kikundi cha wasomaji, ghorofani, kwenye meza ndefu iliyo karibu na madirisha. Kitabu cha wiki ile kilikuwa, haya, kile kile. Alikuwepo mwalimu mstaafu, aliyekuwa mwalimu wa jiografia lakini akabebeshwa pia kipindi cha fasihi kwa kuwa shule haikuwa na mtu mwingine. Alikuwepo mama mshonaji, mwenye chumba cha cherehani ng'ambo ya barabara. Alikuwepo mkutubi, na wengine watano waliokuja hasa kusikiliza ugomvi.

"Mwalimu," mama mshonaji akaanza, "mtoto amerudi, amegonga mlango wa baba yake, na bado unamwita mtovu wa shukrani. Ulitaka afanyeje, apite dirishani?"

"Amerudi wapi, mama? Hiyo umeiota."

"Nimeiota? Si kurasa za mwisho zote ni hiyo habari?"

Gundi hakuweza kuvumilia. "Mama, kurasa za mwisho za kitabu hicho nimezishona kwa mikono yangu hii. Kijana anafunga mlango, anaondoka, hageuki nyuma. Kimekwisha. Wewe una moyo mwepesi, umejitungia mwisho wako."

Mama mshonaji hakupandisha sauti. Alifungua nakala yake, akailaza mezani, akaweka kidole. "Ukurasa wa mia mbili na arobaini. Cha kwako, mwalimu, kinaishia wapi?"

Mwalimu alivaa miwani, akafunua, akafunua tena. "Mia mbili ishirini na nne."

Mkutubi, mwanamke wa maneno machache, alivuta daftari la maoni akaanza kupitisha kidole kwenye ile safu ya namba. Alipitisha kurasa kumi, akarudi nyuma, akapitisha tena. "Wote waliolia walisoma nakala ya tatu na ya nne," alisema. "Wote waliokasirika walisoma ya kwanza na ya pili." Kisha akainua macho. "Mzee, hizi mbili ulizijalidi lini?"

Miaka kumi na minane iliyopita, na hapo ndipo Gundi alipoikumbuka chai. Kitabu hushonwa kwa mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita. Siku ile alikuwa amezifumua nakala mbili zilizochakaa, akapanga mafungu yake mezani, na lile birika lisiloruhusiwa likamwagikia fungu la mwisho la kila moja. Akayafuta, akayaweka yakauke katikati ya mbao mbili, akaenda kula. Aliporudi alishona kila alichokiona mezani. Fungu la kabla yake liliisha na mwisho wa sura, na nukta yake safi, basi akabandika karatasi nyeupe za kufungia, akapiga gundi, akajisifu kwa mluzi. Yale mafungu mawili hakuyakumbuka tena, na inaelekea yalikwenda na takataka.

"Na wewe mwenyewe," mama mshonaji akauliza taratibu, "ulisoma nakala gani?"

"Ya kwanza."

"Basi shuleni je? Si ulisoma shuleni?"

Shuleni alikuwa amekisoma mpaka katikati, na kilichobaki alisimuliwa na mwenzake wa dawati asubuhi ya mtihani, mbio mbio, mlangoni. Angeweza kudanganya. Lakini mtu aliyekwisha kukamatwa na sheria yake mwenyewe hana nguvu ya uongo mwingine, akasema ukweli wote. Watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Miaka kumi na minane fundi anawaambia watu wasome vizuri, kumbe kitabu hajakimaliza na ndiye aliyekikata.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Nimewakata watoto alama," alisema. "Walioandika kwamba alirudi. Kuna mmoja aliletwa na mama yake akilia, nikamwambia asome vizuri." Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

Adhabu aliitoa mama mshonaji: Gundi azisome zile kurasa kumi na sita kwa sauti, pale pale, mbele ya wote. Akapewa nakala ya tatu. Alianza kwa madaha, akimwigiza kijana, akiigiza mvua, na watu wakafurahi. Kijana ni mtu mzima sasa, ana sugu mikononi, amekuja kumwona baba. Anagonga. Baba yumo ndani, amekaa kwenye benchi na randa mkononi, anasikia vizuri. Anagonga tena. Baba anajiambia kazi haiwezi kuachwa katikati. Kijana anasema kupitia mlangoni kwamba ni yeye, na baba anabana pumzi. Hapo Gundi akaacha kusoma.

Walidhani ni miwani. Mkutubi akasogeza taa.

"Ninaona," Gundi akasema. "Ninaona vizuri sana." Akakifunga kitabu juu ya kidole chake. "Mwaka juzi binti yangu aligonga. Mchana kweupe. Nilikuwa ndani nakunywa chai, nikashika kikombe kisilie juu ya sahani, nikakaa hivyo mpaka akaondoka. Kisha nikaja hapa nikawaambia hajawahi kurudi." Alijaribu kucheka. "Nimemtukana kijana wa watu miaka yote hiyo, kumbe mtu wa kutukanwa alikuwa kwenye fungu nililomwagia chai."

Gundi aliona haya mpaka masikio yakawaka, na chini ya ile haya aliona uchungu ambao hakuwa na mzaha wa kuufunika.

"Anakuja tena?" mama mshonaji akauliza.

"Ameomba. Jumapili."

"Umemjibu?"

"Natafuta maneno."

"Mzee, si insha hiyo. Nenda kapige simu."

Akaenda. Alipofika nusu ya ngazi alisikia wameanza upya huko juu, mwalimu akisema kwamba kwa ufundi wa hadithi ule mwisho mfupi ni bora, na mama mshonaji akimwambia aache kujitetea. Gundi akaondoa magazeti. Simu ilikuwa imezima, haina chaji tangu Jumanne. Ilimbidi arudi juu mbele ya umati wote kuomba chaja ya mkutubi, kisha asimame kando ya ukuta, waya ukiwa mfupi, ameinama, huku kikundi kizima kikijifanya kinasoma.

"Shikamoo Baba," binti akaitika, sauti yake ya tahadhari.

"Marahaba, mwanangu. Jumapili, njoo."

"Sawa Baba. Usihangaike kupika. Sitakawia."

"Nitakungoja nje," Gundi akasema, na kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma akakata simu bila hata kuaga.

Jumapili alitoa kiti nje saa saba mchana, kwa mgeni wa saa kumi na moja. Jirani akapita akamuuliza kama amepoteza ufunguo. "Ninao," Gundi alisema. "Sijiamini nao tu." Jua lilimchoma, akahamisha kiti, likamfuata. Alikuwa amepanga kumpokea binti akiwa ameketi kwa heshima yake, mguu juu ya mguu. Alipomwona anakata kona na begi la vifaa begani, amenenepa kidogo, anatembea kama marehemu mama yake, alinyanyuka ghafla kiti kikaanguka, akaanza kusema karibu na hakujua anyamazie wapi.

Binti akasimama hatua mbili kutoka kwake. Hotuba yote aliyoiandaa, ya chai, uzi na mafungu, ikamtoka Gundi kichwani.

"Mwaka juzi ulipokuja," alisema, "nilikuwemo ndani."

"Najua, Baba," binti akasema, akiinama kukisimamisha kile kiti. "Nilipogonga, redio ilizimwa."