Tulimtia Ukurasa wa Kwanza, Tukamtoa Ukurasa wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia mahakamani Njombe nimevaa masweta mawili, na bado nilitetemeka, nusu baridi, nusu woga. Karani wa mahakama akanionyesha benchi la nyuma. "Mwandishi, zima simu. Na usimwite mtu mwizi kabla hakimu hajamwita."

Waandishi tulikuwa na desturi mbovu, nami niliifuata. Siku ya mtu kusomewa mashtaka tulijaa, tukaandika, tukapotea. Kesi ikija kutajwa, yaani kuitwa tu ipangiwe tarehe nyingine, hatumo.

Nilipohamishiwa Makambako, fundi mbao mmoja, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, alishtakiwa kwa kuchoma shamba la miti ya jirani yake. Niliandika jina lake lote, ukurasa wa kwanza, kisha nikakimbilia kesi nyingine. Miezi kadhaa baadaye mkewe alinisimamisha sokoni, akanisalimu.

"Kamwene, dada. Ni wewe uliyemwandika mume wangu?"

"Kamwene, mama. Ni mimi."

"Hakimu amemwachia. Amesema hana kesi ya kujibu. Lakini kanisani wanaamini gazeti lako. Kwaya wamempa mwingine, na yeye haendi tena ibadani."

Hana kesi ya kujibu maana yake ushahidi haukutosha hata yeye kuanza kujitetea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kesho yake nikaomba nakala ya uamuzi, nikampelekea mhariri.

"Aliyeachiwa hauzi gazeti," akasema.

"Basi usinitume tena mahakamani."

"Ukurasa wa tano. Aya mbili."

"Wa kwanza, bosi. Tulimtia pale, tumtoe pale pale."

Alinuna, akaisoma upya nakala ile, akakubali.

Jumapili hiyo mimi Mkatoliki nilisali kwa Walutheri. Mchungaji aliisoma habari yote kutoka gazetini wakati wa matangazo. Kiongozi mpya wa kwaya akasogea pembeni bila kuambiwa. Fundi, aliyekuwa amekuja kwa kubembelezwa na mkewe, akasimama mbele, akainua mikono, na kwaya ikaitika. Nililia mbele za watu, wala sikujali.

Tangu hapo kila jina nililoandika nililifuata mpaka hukumu, hata mhariri akawalazimisha wenzangu wote kufanya hivyo. Ninyi waandishi mnaoanza leo, mkishaandika jina la mtu mmejipa kazi ya kurudi.

Sasa nimestaafu. Kesi kubwa nilizoandika watu wamezisahau. Lakini nikipita Makambako, yule mama huniita kutoka ng'ambo ya barabara, sokoni kote wasikie: "Mwandishi wetu!"