Injini ya Silinda Nane Katika Gari la Bwana Terry

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Edmonton, London, nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimefanya umakanika Machakos miaka tisa, kisha Barking, London hiyo hiyo, nikitengeneza magari ya kubebea vifurushi, na nilijiona fundi kamili. Mwenye gereji, Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, aliniambia kwa Kiswahili safi, "Musyoka, fagia kwanza. Ukifagia utajua kila kitu kinakaa wapi." Nikafagia. Gereji ilikuwa chini ya tao la reli, na treni ilipopita juu yetu spana zilitikisika ukutani.

Nilikaa hapo hadi nilipostaafu. Ninyi mnaoanza kazi leo mnachomeka kompyuta, gari linawatajia ugonjwa wake. Sisi tuliweka ncha ya bisibisi juu ya injini na sikio kwenye mpini, tukasikiliza. Nilitengeneza magari mengi kwa namna hiyo na mengi nimeyasahau. La Bwana Terry sijalisahau.

Bwana Terry alikuwa dereva wa basi aliyestaafu. Alituletea hotirodi, yaani gari kuukuu lililovuliwa madoido na kutiwa injini kubwa kuliko umbo lake. Lake lilikuwa gari dogo la Kiingereza la kabla ya vita, ambalo yeye na marehemu kaka yake walilianza ujanani wasilimalize. Nyuma ya lori lililolileta alikuwa na injini ya Kimarekani ya silinda nane. Daktari alikuwa amemwambia macho yake yanafifia na leseni atairudisha karibuni.

"Nataka kuliendesha hadi baharini mara moja," alisema. "Mara moja tu, nikiwa bado naiona barabara."

Mzee Harbans alimwahidi gari Jumamosi ya tatu.

Tuliining'iniza injini kwenye chenibloku, mnyororo wa kuinulia mizigo, tukaishusha polepole. Haikuingia. Distributa, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, ilikuwa nyuma ya injini na iligonga ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Tukaukata ukuta ule, nikachomelea mwingine wa bati ulioingia ndani kidogo. Tukashusha tena, sasa ekzosi ikagusa nguzo ya usukani. Nikatengeneza ekzosi upya, bomba kwa bomba. Nilipoanza kuisukuma injini kwa bega, mzee alinishika mkono.

"Chuma hakina haraka, Musyoka. Mwenye haraka ni wewe."

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya ile ya ahadi, ikakaa. Tulipoiwasha, vikombe vya chai vilicheza mezani, na Mzee Harbans, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

Nikalitoa uani kulijaribu. Liliruka kama limechapwa. Nikakanyaga breki, likaendelea kwenda. Lilisimama nje ya lango, nusu barabarani, na basi lililokuwa likija lilinipigia honi ndefu. Nikalirudisha na kulala chini yake. Breki zilikuwa za zamani zile, zinazovutwa kwa fito za chuma, zilizotengenezwa kwa injini ndogo sana. Zilihitaji kubadilishwa zote, ziwekwe za mafuta, pamoja na ekseli ya mbele.

"Vipuri ni wiki sita," nilisema.

Mzee Harbans alikaa juu ya tairi. "Mteja aliomba injini. Na macho yake hayatangoja wiki sita."

"Mzee, mimi sitampa ufunguo wa gari hili."

Aliinuka, akalifunga lango. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Kisha akasema, "Basi utamwambia wewe mwenyewe."

Jumamosi Bwana Terry alikuja na mkewe, amevaa tai. Nilipomweleza, hakupaza sauti. Alizunguka gari akilipapasa bonneti, akauliza kama anaweza hata kuzunguka mtaa mmoja. Nikasema hapana. Akaniambia, "Wewe hujui unachoninyima." Wakaenda kituo cha basi.

Vipuri vilifika, nikafunga breki, nikazijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kufikia siku hiyo leseni ya Bwana Terry ilikuwa imekwisha kurudishwa. Mkewe, aliyekuwa hajawahi kuendesha gari la namna ile, alijifunza uani petu, akizima kila mara, nasi tukimwonyesha klachi. Wakaenda baharini, yeye kwenye usukani, mumewe kando yake.

Waliporudi, Bwana Terry alinipa mkono. "Injini niliisikia njia nzima," alisema. "Sijakusamehe bado. Lakini gari ni zuri."

Sasa nimestaafu, na magoti yangu hayaniruhusu tena kulala chini ya gari. Mafundi vijana wa Kikenya hunitembelea, huniuliza kama nilifanya haki. Huwaambia kwamba ufunguo ningeukatalia tena leo. Kinachoniuma ni siku gari lilipofika: injini ilikuwa nzuri, mimi na mzee tukaizunguka kama watoto, na hakuna kati yetu aliyeinama kutazama magurudumu na breki zake. Tungeagiza vipuri siku ile ile, vingefika wiki tatu mapema, naye angeweza kuliendesha mwenyewe.