Sindano Aliyonyimwa Baba

Siku ile kule Baraka, mji wetu kando ya ziwa, naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa msichana, kazi yangu kuchemsha sindano katika disipanseri, na penisilini ilikuwa mgeni kwetu. Ilikuwa imewaponya watu buba. Vidonda vilivyokaa miaka vilikauka tukiona! Bamama walipiga vigelegele mlangoni. Basi kila aliyeumwa kichwa au mgongo akaitaka hiyohiyo.

Munganga wetu, daktari mzungu mwembamba aliyejua Kiswahili, alikuwa akichunguza kikohozi kipi kinahitaji penisilini na kipi hupona chenyewe. Aliwafuata wagonjwa nyumbani, hata kijiji cha Mboko, kuona wanaendeleaje.

Ndipo baba yangu, mvuvi, akaja na mafua. Binti yake yuko ndani, nani atamnyima? Munganga akamsikiliza kifua, akamwambia anywe maji ya moto na kupumzika.

"Mugonjwa haulizwi uji," baba akasema. "Mi nimekuja kutafuta sindano."

"Muzee, hii kikohozi itaisha yenyewe. Dawa imebakia kidogo, na ingine haijafika."

Baba akatoka mbele ya watu. Nyumbani alisema tunanyimwa kwa sababu ya rangi yetu, nami nikamwamini. Tulinyimwa mengi siku zile, mwanangu; shaka yake haikuwa ya bure.

Juma halijaisha, kikohozi kikamwacha. Munganga alipomtembelea alimkuta anashona nyavu, bado amenuna. Walikuwa katika salamu nilipofika mbio na habari kutoka disipanseri: mama mmoja wa wafugaji ameshuka kutoka milimani na mtoto mgongoni, mbavu zinazama kila akivuta pumzi. Munganga akakimbia. Baba naye akatufuata.

Tukamdunga mtoto dawa iliyobaki, siku ile na kesho yake. Mara akafungua macho, akaomba maziwa! Mama yake alicheka huku analia. Mimi nilitoka uani nikaruka kama mwanambuzi, na kitambaa changu cha kazi.

Baba alimtazama mtoto akinywa, kisha akamgeukia munganga. "Ile sindano niliitaka, iko mu mwili ya huyu mutoto. Muzuri ulininyima."

Mwanangu, akiba haiozi. Usidai dawa kali kwa kuwa ilimponya jirani. Uliza kwanza unaumwa nini. Ukiambiwa subiri, subiri, na hali ikibadilika urudi upesi. Ukipewa, imalize kama ulivyoagizwa, wala usimgawie ndugu yako nusu. Vijidudu huizoea dawa inayotumiwa ovyo, na siku ya shida inakuwa maji matupu.

Mungu akupe pumzi nyepesi, wewe na watoto utakaowabeba. Na siku mtakayoihitaji dawa, muikute ingali na nguvu zake.