Nusu ya Maneno ya Dani

Nilipokuwa mtoto, ziwa lilikuwa na nguo. Ndivyo alivyotufundisha Dani, bibi yangu mzaa baba, na mimi sikuona ajabu yoyote. Sisi tulivaa mitumba ya soko la Kibuye, ziwa lilivaa mafunjo. Yalisimama kando ya maji upande wetu wa Kano, marefu kumpita mtu mzima, yamesongamana hata ng'ombe akiingia ilikuwa kazi kumtoa. Wanawake walikata machache ya pembeni wakasuka mikeka. Ndani zaidi hakuna aliyethubutu kutia panga. Dani alisema ukimvua ziwa nguo ataona haya, na mwenye haya hutafuta nyumba ya kuingia ajifiche.

"Ataingia kwa nani?" nilimuuliza.

"Kwa aliyemvua," alisema. "Halafu kwa jirani yake. Nam hajui kuchagua, nyathina."

Nam ndilo jina la ziwa kwa Dholuo, kama nyathina ilivyo mwanangu, na Dani alilitaja hivyo kama mtu anayemtaja shemeji yake mkorofi. Alikuwa amelijua tangu alipoletwa pale akiwa bibi arusi. Aliona maji ya mwaka wa Uhuru yakipanda mpaka mitumbwi ikapita mahali walipokuwa wakifunga ndama. Kwa hiyo alikuwa na neno la pili, nalo ni kwamba ziwa hutoka likarudi. Lina ardhi yake ambayo hutuazima tulime, na siku likiitaka huja kuichukua bila kubisha hodi.

Maneno hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja. Ziwa hurudi, na msilivue nguo. Kwake hayakupingana hata kidogo. Kama unajua jirani yako ana hasira za kurithi, hiyo ndiyo sababu ya kutomchokoza. Nayaweka hapa yote mawili kwa sababu watu wetu walikuja kuyagawana kama nyama ya matanga, kila mmoja akaondoka na kipande alichokipenda.

Boma letu lilikuwa na nyumba tatu. Ya Dani ilikuwa katikati, na babu alikuwa amezikwa mbele yake kabla mimi sijazaliwa. Upande mmoja alikaa Baba Mkubwa Odongo, mtoto wake wa kwanza, na upande wa pili tulikaa sisi. Dani alikuwa amenionyesha mahali pake mwenyewe, kushoto kwa mlango, penye nyasi fupi. Alipafagia kila asubuhi pamoja na ua. "Mimi nilikuja hapa nikilia," aliniambia, "lakini siku ya kuondoka sitaki kwenda mahali pengine. Mwanamke kuzikwa nje ya boma la mume wake ni kama hakuwahi kuolewa." Sikuwahi kumsikia akiomba kitu kingine kwa wanawe.

Baba Mkubwa Odongo alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono yenye haraka. Kiangazi kimoja aliona kwamba chini ya mafunjo kuna udongo mweusi kama masizi, akaamua kuwa anaupoteza. Aliwakusanya wenzake wakachoma. Moshi ulifunika kijiji, na majivu yakaanguka juu ya omena, dagaa zetu, tulizokuwa tumeanika, zikawa chungu. Dani alitoka na leso yake mabegani akaenda kusimama pale pale penye moto.

"Odongo, wuoda, mwanangu, hiyo si yako."

"Mama, hiyo ni story ya kutisha watoto," alisema Baba Mkubwa. "Watu wa Kisumu wanakula sukuma. Hawakuli togo."

Togo ndiyo mafunjo. Watu walicheka, maana hakuna mtu aliyejua kuchekesha kumshinda. Dani alirudi nyumbani akikohoa kwa moshi. Mboga zilistawi kweli, nisiseme uongo. Sukuma ilimea majani makubwa kama masikio ya ndovu, ikapelekwa mjini, nasi tukala mpaka tukachoka. Dani hakuigusa. Alijipikia mrenda wake katika chungu chake na wala hakumlaumu mtu.

Halafu, baada ya misimu kadhaa, mvua ikanyesha ikasahau kukoma. Mito ilishuka kutoka milimani imejaa udongo mwekundu, na ziwa likaanza kupanda. Watu hudhani mafuriko huja kwa kishindo. Kwetu yalikuja kimya kimya, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Mahali palipokuwa na mafunjo, ambapo zamani maji yangesimama kwanza na kuhangaika, sasa palikuwa na matuta ya mboga yaliyonyooka vizuri kuelekea kwetu. Maji yalifuata matuta. Nyumba ya Dani ndiyo iliyokuwa bondeni zaidi, ikawa ya kwanza.

Tulikuwa na kipande cha ardhi huko juu, karibu na barabara ya Awasi. Kilikuwa kitupu, cha malisho tu. Mtu asiye wa kwetu atauliza mbona hatukuhamia huko siku hiyo hiyo. Kwetu mtu hahami kama anavyohamisha kuku. Anayefungua boma jipya hutoka alfajiri na mwanawe wa kwanza, jogoo na shoka, mkewe akibeba moto, na nyumba husimama siku hiyo walale humo. Na mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Akimruka kaka yake, ni chira, laana inayokondesha watu taratibu mpaka nyumba inabaki tupu. Dani, mjane, hakuwa na namna ya kutoka bomani mwa mumewe mpaka wanawe wamfungulie boma lingine kwa utaratibu huo. Kila kitu kilisubiri miguu ya Baba Mkubwa Odongo.

Nakumbuka baba yangu akimwomba. Walisimama uani, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na mimi nilikuwa mlangoni nimemshika Dani mkono.

"Kaka, lala huko juu usiku mmoja tu," Baba alisema. "Nyumba nitakujengea mimi. Ukishatangulia, na mimi nijenge, nimtoe Mama kwa hii baridi."

"Hii maji ni mgeni. Itarudi. Mama mwenyewe si husema ziwa inarudi?"

"Mama anakohoa, Odongo."

"Sasa nikihama watu watasema nini? Watasema ni ule moto wangu." Alitema mate majini. "Wewe ukitaka, tangulia. Lakini chira ikishika watoto wako, usiniite."

Baba alinitazama mimi, akawatazama ndugu zangu waliokuwa wamepanda juu ya meza. Aliamini chira kama anavyoamini jua litachwea. Hakutangulia. Simlaumu, ingawa zamani nililala nikimlaumu. Hasira yangu iko kwingine. Baba Mkubwa aliyesema nguo ya ziwa ni hadithi ya kutisha watoto ndiye huyo huyo aliyeishika chira kwa mikono miwili. Imani iliyomkataza yeye ilikuwa upuuzi wa wanawake wazee. Imani iliyowakataza wengine ilikuwa sheria ya mababu. Tangu siku ile nimekutana na watu wengi wa namna hiyo, wengine wamevaa tai.

Tuliweka matofali chini ya kitanda cha Dani. Tuliongeza mengine. Kifua chake kilipoanza kutoa sauti ya kukwaruza, Baba alimbeba mgongoni mpaka shule ya msingi ya barabarani, ambako familia nyingi zilikuwa zimelala madarasani. Alilala chini ya ubao wenye hesabu za watoto. Huko ndiko alikofia, mchana, huku mama yangu akimlisha uji.

Boma lilikuwa chini ya maji, hapakuwa na pa kuchimba. Ardhi ya juu haikuwa na boma, na maiti haizikwi porini. Kanisa likatupa mahali pembeni mwa kiwanja chake, kando ya barabara, kati ya watu ambao Dani hakuwajua hata kwa majina. Malori yalipita tukiimba. Baba Mkubwa Odongo alisimama akahutubia waombolezaji kwa ile sauti yake nzuri, akasema hii ni kazi ya Mungu na hakuna awezaye kushindana na majira. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia guu la nani.

Maji yalirudi ziwani baada ya miezi. Baba Mkubwa alizunguka boma lenye matope akicheka. "Si niliwaambia?" Kiangazi kilichofuata alichoma mafunjo mengine, na safari hii hata waliokuwa wakiogopa walimfuata, kwa kuwa aliyekuwa akiwakataza hakuwepo.

Siku hizi nauza nguo za watoto Kibuye na nimepanga nyumba mtaa wa Mamboleo. Redio ya jirani yangu sokoni haizimwi, na mara kwa mara huletwa watu wabishane kama hali ya hewa inaharibiwa na binadamu au ni mzunguko wa dunia tu. Wateja nao hubishana, soksi mkononi. Huyu atasema moshi wa viwanda na magari, yule atasema hata enzi za babu ziwa lilipanda na hapakuwa na gari hata moja. Huwa nasikiliza huku nikikunja nguo, na damu inanichemka.

Sikatai kwamba ziwa lina mzunguko wake. Nililelewa na mwanamke aliyeuona. Wala sidai kwamba moto wa Odongo peke yake uliinua ziwa zima. Huo ungekuwa ujinga. Lakini misitu ya milimani ilikatwa na mikono, mafunjo yalichomwa na mikono, na joto hili linalobeba mvua nyingi namna hii, waliolisomea wanasema ni la moshi wetu, hasa wa nchi ambazo hazijui hata Kano iko wapi. Watu wamekuwa wakifa tangu Adamu, lakini sijasikia hakimu akimwachilia muuaji kwa sababu hiyo.

Ziwa lilipopanda tena, miaka hii ya karibuni, halikuwa na haraka ya kurudi. Nilimchukua Baba na Mama nikawaleta Mamboleo. Baba aliteseka. Kila asubuhi aliniambia nyumba ya kupanga si boma. Chifu aliita baraza nasi tukaenda. Kijana mmoja wa mambo ya hali ya hewa alieleza kwa upole kwamba mambo mawili yamekutana, tabia ya ziwa na makosa yetu, na kwamba mafunjo yapandwe upya na watu wasogee juu. Baba Mkubwa Odongo, mzee sasa, mwenye fimbo, aliinuka.

"Kijana, wewe umezaliwa juzi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alituambia ziwa huenda na kurudi. Ni mzunguko. Sasa nyinyi mnataka kutuhamisha kwa makaburi ya wazee?"

Watu walimpigia makofi. Niliinuka kabla sijajua nitasema nini.

"Baba Mkubwa, maliza maneno yake."

"Nini?"

"Dani alisema mambo mawili. Hilo ni moja. Maliza."

Chifu akasema tuheshimu wazee, tukaendelea na mengine. Mama alinivuta nguo nikae. Nilikaa, na nilimchukia yule mzee kwa namna ambayo mtu hatakiwi kumchukia kaka ya baba yake.

Haukupita muda, binamu yangu akapiga simu. Baba Mkubwa yuko huko juu, amehama. Baba alivaa koti lake la kanisani, tukaenda. Tulimkuta kwenye kile kipande chetu cha karibu na barabara, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha mabati mapya. Godoro lilikuwa limeanikwa juani, na runinga imefunikwa kwa shuka.

Baba alizunguka kibanda chote akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Shoka iko wapi?" aliuliza.

"Shoka gani tena?"

"Na jogoo. Ulikuja na nani? Nani alibeba moto?"

"Ndugu yangu, maji iliingia mpaka kwa godoro. Ningengoja jogoo? Nilipanda boda nikakuja."

"Na chira?"

Baba Mkubwa alipunga mkono hewani. "Aah, hizo ni mambo ya zamani. Siku hizi serikali yenyewe inasema tuhame."

Baba alikaa chini kwenye nyasi, na koti lake la kanisani. Alikuwa mzee naye, magoti yake hayakumruhusu, lakini alikaa. Alilitazama lile bonde lote limejaa maji. Kisha akasema, si kwa kaka yake wala kwangu, "Kumbe iliwezekana."

Nimeisikia sauti ile mara nyingi tangu hapo, hasa redio inapoanza ubishi wake. Wateja wakinitega, binadamu au mzunguko, huwajibu nilivyosema hapa, wengine wakanielewa, wengine wakanunua soksi wakaenda. Ila wakiniuliza nani alimuua Dani, sihitaji mtaalamu. Iwe ziwa lilijituma lenyewe au lilitumwa, kati yake na yule mwanamke alisimama mtu mmoja, na mtu huyo angeweza kusogea.