Magoti ya Fundi

Jirani yangu fundi magari ni pande la mtu, na mikono yake haitakati hata kwa sabuni ya unga. Jumamosi alikuja kunitoa ndani. "Mzee, utaota ukungu humo!" Tukaenda maonyesho ya magari. Wenzake wanatazama rangi. Yeye anainamia boneti, anafumba macho, anasikiliza injini. Chipsi anakula mbili mbili, na kila mara anafuta vidole kwenye suruali kwanza. Jumapili tukarudi kwenye magari, tukala chipsi tena, kisha sinema. Alicheka mpaka watu wakamgeukia.

Siku zote mbili aliendesha gari la marehemu mke wangu, magoti yamebana usukani. Mke wangu alikuwa mfupi, na kiti kiko pale alipokiacha. Fundi hakukigusa.

"Magoti hayaumi?"

"Yamezoea, mzee. Mimi nalala chini ya magari."

Tulipotoka sinema nikamwona anayasugua kwa kujificha. Nikafungua mlango wa dereva, nikainama, nikavuta chuma cha chini ya kiti, nikakisukuma kiti nyuma mwenyewe.

"Kaa vizuri, mwanangu. Marehemu angekuona hivi angenigombeza mimi."

Akaingia, akanyoosha miguu taratibu, kama mgeni.