Mifupa Ndani ya Kitenge cha Dada

Mnisamehe kwa maneno niliyoyakosea na kwa mwandiko unaopanda na kushuka mstari. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu ni mzito.

Siku wauaji walipovamia mtaa wetu wa Kamenge, kila mtu nyumbani alikimbia njia yake. Mimi na mama tulilala ndani ya mfereji. Juu yetu, barabarani, waliweka kizuizi. Wanawake walipita wakipigwa mateke. Wanaume walivutwa pembeni wakakatwa mapanga. Tulisikia mmoja wa wauaji akicheka: "We bibi, mbona unatembea kama soldati, kama askari? Funua kichwa." Halafu pigo, na lingine, kama mtu anapasua kuni mbichi. Mama aliniziba mdomo.

Tuliporudi mtaani baadaye sana, watu waliochimba choo karibu na mfereji ule walikuta mifupa. Fuvu lilipasuliwa juu ya sikio. Kiunoni palikuwa na kitenge cha dada yangu, ambaye hatukumwona tena tangu siku ile. Mama alikitambua kwa kiraka alichoshona mwenyewe. Akaita wanawake waje kuosha, akanunua sanda ya vipande vitano, ya mwanamke. Kaka yangu naye alipotea, lakini hatukumlilia. Mtu aliapa alimwona hai Uvira, ng'ambo ya mpaka.

Daktari wa jirani alikuja kutoa pole. Alipoona mfupa wa nyonga mkekani, alichuchumaa, akatia kidole gumba kwenye pengo lake. Kilibana.

"Mama, acha maji kwanza."

"Nini tena, dokta?"

"Mfupa wa mwanamke hapa unakuwa wazi, sababu ya kuzaa. Uyu umebana. Ni mwanaume, kijana."

"Apana. Kitenge ni ya binti yangu."

"Siku ile ata wanaume walivaa vitenge, mama."

Shangazi aliyeshika birika alisema taratibu kwamba mume wake alipita kizuizi na gauni lake, soksi zimejaa kwenye sidiria. Hakuna aliyecheka.

Mama alichukua taya, akatafuta jino la mbele ambalo kaka alilivunja kwa baiskeli. Alilipata. Ndipo tukajua tulimsikia nani siku ile.

Sisi wanawake tulitolewa, wanaume wakaingia kumwosha. Vipande viwili vya sanda walivirudisha nje, maana mwanaume huvishwa vitatu tu. Mama alivipokea, akakaa navyo mapajani mpaka jeneza likatoka.

Basi dada hakuwa mle shimoni. Alikimbia bila kitenge chake, na ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Kama amepita kwenu, niandikieni. Hata kama habari ni mbaya, niandikieni tu; mama anataka kujua.